Pikipiki kupoteza nguvu ghafla ikiwa barabarani: tupime kabla ya kununua spea

Bwana Shamba (Handeni), mtoa mada

Wanajukwaa, habari za leo. Naomba msaada wa wenye uzoefu na injini ndogo, kwa sababu nimeshauriwa kufungua injini na kubadilisha pistoni pamoja na ringi zake, na kabla sijatoa fedha hizo ningependa kujua kama kweli tatizo liko huko.

Pikipiki yangu ni ya silinda moja, 150 cc, inapozwa kwa hewa na inatumia kabureta. Niliinunua ikiwa imeshatumika. Nikiwa mjini Handeni na katika vijiji vya jirani inafanya kazi vizuri kabisa: asubuhi inawaka bila shida, silensa (mwendo wa injini bila kuongeza mafuta) inatulia, na inapanda vilima nikiwa na mfuko wa mbolea nyuma. Tatizo hujitokeza ninapoishika barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera. Nikitembea kwa kilomita 70 au 80 kwa saa kwa muda mrefu bila kusimama, nguvu hupungua ghafla. Nikiongeza mafuta haiitikii, na nikizidi kuongeza ndiyo inazidi kufa. Nikipunguza mpaka kilomita 40 hivi inajikongoja kidogo, kisha inazima. Nikiegesha pembeni kwa muda inawaka kana kwamba haikuwa na shida yoyote, nami naendelea na safari mpaka hali ile ile ijirudie.

Haitoi moshi wa buluu wala mweusi, oili haipungui, na plagi ni mpya. Fundi aliyeiangalia alisikiliza mlio tu, akasema pistoni imekwisha na inabana ikipata moto. Naomba mnielekeze nianzie wapi.

Dereva wa Nyakato

Pole sana mkuu. Mimi ningeanza na klachi. Ya kwangu ilinisumbua kwa muda mrefu: injini ilikuwa inalia kwa nguvu zote lakini pikipiki haiendi, hasa nikiwa na abiria mlimani. Kumbe nilikuwa nimewekewa oili ya gari. Tangu nilipoweka oili ya pikipiki na klachi pleti mpya, shida imekwisha.

Fundi wa Korogwe

Ndugu Bwana Shamba, umefanya vyema kuuliza kabla injini haijafunguliwa. Injini ikishafunguliwa kwa kubahatisha, gasketi zimeng'olewa na tapeti zimeguswa, ushahidi mwingi hupotea, na hata ukiweka pistoni mpya tatizo likabaki, hutaweza tena kujua kama lililobaki ni lile la awali au ni jingine lililoletwa na ufungaji.

Pikipiki iliyopoteza nguvu huwa iko katika hali moja kati ya tatu. Huenda injini inazalisha nguvu yake yote lakini nguvu hiyo haifiki kwenye gurudumu, na hiyo ndiyo klachi aliyoisema ndugu yetu wa Nyakato. Huenda nguvu inafika lakini kuna kitu kinachoishikilia pikipiki, kama vile breki ya nyuma iliyobana, beringi iliyokufa au cheni iliyokazwa kupita kiasi. Hapo unaegesha kwa stendi kubwa, unaweka gia huru, unazungusha gurudumu kwa mkono, na jibu unalipata papo hapo. Au huenda injini yenyewe haizalishi nguvu. Kwako mlio wa injini unashuka pamoja na mwendo na mwishowe inazima, kwa hiyo tuko katika hali ya tatu.

Hata hivyo maelezo ya Nyakato ni ya kweli na yatawafaa wengine, kwa sababu klachi ya pikipiki nyingi huzama ndani ya oili ile ile ya injini, na oili nyingi za kisasa za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huifanya klachi iteleze. Chupa ya oili ya pikipiki huwa na alama ya JASO MA au MA2, na alama hiyo ndiyo ya kutafuta dukani kabla ya kuangalia bei. Kuipima klachi si kazi: tembea gia ya juu kwa mwendo wa kati, fungua mafuta kwa ghafla, na kama mlio wa injini unapanda huku mwendo ukibaki pale pale, klachi inateleza.

Turudi kwako. Pistoni na ringi zilizochakaa huonekana kila siku, si siku za safari ndefu tu. Injini ya namna hiyo huwa nzito kuwaka asubuhi, hupunguza oili, hutoa moshi wa buluu, na nguvu yake hupungua kidogo kidogo kwa miezi. Wewe unasema inawaka vizuri na inapanda na mbolea. Pistoni inayobana kwa moto nayo ina dalili zake: gurudumu la nyuma hushikwa kana kwamba umekanyaga breki, na injini ikipoa huwaka ikiwa na mlio mpya wa kugonga, kwa sababu ukuta wa silinda umeshachubuka. Hali hiyo haiwezi kujirudia safari baada ya safari huku injini ikibaki salama. Kwa hiyo ushauri wa kubadilisha pistoni siuafiki, angalau mpaka mgandamizo upimwe kwa geji.

Jambo linalonipa mwanga katika maelezo yako ni kwamba injini inapona yenyewe baada ya kusimama. Kitu kilichovunjika hakiponi. Kinachopona ni kile kinachoharibika kwa joto kisha kikapoa, au kile kinachoishiwa kisha kikajazwa tena. Kwa pikipiki ya kabureta hilo linatuachia washukiwa wanne, nami nitawataja kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe, yaani kuanzia kile ambacho kukipima hakugharimu chochote.

Wa kwanza ni tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Mafuta yanashuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu, hakuna pampu, na kila tone linaloshuka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa inayoingia kupitia kifuniko. Tundu hilo likiziba kwa vumbi, kutu au rangi, ndani ya tangi hewa inapungua mpaka inayashikilia mafuta yasishuke. Muuza duka anayetoboa matundu mawili kwenye dumu la mafuta ya kula anajua jambo hili vizuri. Ukisimama, hewa kidogo hupenya polepole, bakuli la kabureta linajaa tena, na injini inawaka.

Hapa nina maswali mawili kwako. Je, inazima zaidi tangi likiwa limejaa? Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa juu ya mafuta, kwa hiyo hata mafuta kidogo yakitoka, kanieneo ndani yake inashuka haraka. Tangi lililobakiza lita mbili lina hewa nyingi na huchelewa kufikia hali hiyo. Swali la pili, ukiwa Handeni unanunua mafuta kiasi gani kwa wakati mmoja? Watu wengi wa vijijini hununua lita moja au mbili, na kila wanapofungua kifuniko wanaingiza hewa bila kujua, ndiyo maana kasoro hii inaweza kujificha mjini na kujitokeza barabara kuu peke yake.

Wa pili ni mtiririko wenyewe wa mafuta: kichujio cha koki (kifungulio cha mafuta chini ya tangi) kilichojaa kutu ya tangi, mpira wa mafuta uliojikunja, au sindano ya floti (inayoruhusu mafuta kuingia kwenye bakuli la kabureta) inayogoma. Mafuta yanapita, lakini kwa kiasi kinachotosha mwendo wa kilomita 40 tu. Kwa mwendo wa 80 injini inayamaliza ya kwenye bakuli haraka kuliko yanavyoingia.

Wa tatu ni mfumo wa cheche. Ndani ya koili ya plagi na pulsa (kihisi kinachoashiria wakati wa cheche) kuna waya mwembamba sana, na penye ufa mdogo joto likiongezeka waya unatanuka na kuachana. CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche, nayo huweza kufa ikipata moto na kufufuka ikipoa. Tofauti na njaa ya mafuta ni hii: cheche hukatika kwa kushtua, pikipiki inaruka-ruka, na mara nyingi eksozi inapiga milipuko, kwa sababu mafuta ambayo hayakuungua kwenye silinda yanaungulia kwenye bomba. Mafuta yakikosekana, nguvu hufifia kwa sekunde kadhaa, kuongeza mafuta kunazidisha ubaya na kupunguza kunasaidia kidogo. Ulivyoeleza wewe kunafanana zaidi na njaa ya mafuta, lakini sitaki tuhukumu kwa kufanana.

Wa nne ni tapeti zilizobana. Valvu ya eksozi hurefuka inapopata moto, na kama haikuachiwa nafasi ya kutosha haifungi kikamilifu, mgandamizo unavuja, nguvu inakwenda, na injini inakuwa ngumu kuwaka ikiwa bado ya moto. Injini nyingi ndogo za namna hii hutaka nafasi iliyo kati ya milimita 0.05 na 0.15, ikipimwa kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi kabisa. Kipimo halisi cha pikipiki yako kiko kwenye kitabu chake, na valvu ya kuingiza na ya kutoa huwa na vipimo tofauti katika injini nyingi. Usikubali fundi anayepima tapeti kwa kuzitikisa na vidole, hata akiwa mzoefu kiasi gani.

Sasa kipimo cha barabarani. Jaza tangi, safiri kama kawaida yako, na nguvu ikianza kupungua fanya jambo moja kabla ya jingine lolote: ukiwa mahali salama na huna magari nyuma, vuta choki kidogo huku unaendelea kutembea. Choki inapunguza hewa na kuongeza mafuta kwenye mchanganyiko. Nguvu ikirudi hata kwa sekunde chache, injini ilikuwa na njaa ya mafuta. Ikizidi kufa, mafuta yalikuwapo. Kisha simama, zima, na papo hapo, usisubiri hata kidogo, fungua kifuniko cha tangi huku ukisikiliza. Mlio wa hewa inayovutwa ndani ni ushahidi mkubwa. Subiri kiasi cha kujaza bakuli la kabureta, washa, ondoka. Ikienda vizuri mara moja huku injini ikiwa bado ya moto, koili na tapeti zimetoka kwenye orodha, kwa sababu havijapata muda wa kupoa.

Kama kufungua kifuniko hakubadilishi chochote, basi pima cheche pale pale. Beba plagi nyingine iliyo nzima na spana yake. Chomoa kofia ya plagi, ivalishe kwenye plagi hiyo ya akiba, gusisha chuma chake na injini mbali na kabureta na mbali na tangi, kisha piga kiki. Plagi ya kwenye injini iache mahali pake, ili mvuke wa mafuta usitoke nje kupitia tundu lake. Usiishike plagi kwa vidole, na usifanye kipimo hiki kama mafuta yamemwagika. Cheche nzima ni ya buluu na ina mlio wa kukatika. Kupima cheche nyumbani jioni injini ikiwa baridi hakutakuambia lolote, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika: wanafika kwa fundi, kila kitu kinafanya kazi, fundi anaanza kukisia, na spea zinaanza kununuliwa.

Usifanye safari nzima ukiwa umelegeza kifuniko ili kujaribu. Mafuta yakirukia injini ya moto, hasara yake haina mfano.

Mkulima wa Nakuru

Shukrani kwa maelezo hayo, fundi. Naomba kuongeza mambo mawili ambayo huku kwetu hutuchanganya. Nikitoka Mombasa na kupanda mpaka Nakuru pikipiki inakuwa nzito waziwazi, na nilikuwa nimeshaanza kulaumu kabureta. Pili, kuna mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo maalumu ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha mchanganyiko huo, lakini anayenunua petroli ya chupa kando ya njia bado hana uhakika. Je, haya hayawezi kuwa chanzo cha tatizo la ndugu yetu?

Fundi wa Korogwe

Yote mawili ni ya kweli, ila hayafanani na kesi hii. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Nakuru iko juu ya mita 1,800, kwa hiyo kupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu uliyokuwa nayo Mombasa ni jambo la kawaida, na kabureta iliyorekebishwa pwani huongeza uzito kidogo kwa kuwa mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kuliko hewa. Lakini upungufu huo unakuja polepole na hauondoki kwa kuegesha. Barabara ya Bwana Shamba haina mwinuko wa namna hiyo.

Mafuta ya taa nayo hayaponi kwa kusimama. Injini inagonga unapofungua mafuta ukiwa na mzigo, moshi unaongezeka, na kuwaka asubuhi kunakuwa kugumu, mpaka tangi limwagwe. Ukiwa na shaka, dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe mbali na moto: petroli safi hukauka upesi bila kuacha doa, na mafuta ya taa huacha alama ya utelezi kwa muda mrefu. Maji ni rahisi zaidi kuyagundua. Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye chupa ya kioo, na uangalie chini ya chupa, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli na yatajikusanya huko kama shanga.

Dereva wa Nyakato

Fundi, naomba uniruhusu swali. Kuna mwenzangu kijiweni ambaye pikipiki yake haizimi, silensa iko sawa, ila ghafla tu tangu juzi haizidi kilomita 50 kwa saa hata akifungua mafuta yote. Nayo ni ya kabureta. Je, afuate utaratibu huu huu?

Fundi wa Korogwe

Huyo hana tatizo la kupona na kurudi, kwa hiyo aangalie mambo yanayobana injini kwenye mwendo wa juu peke yake. Silensa inatumia jeti ndogo, na mwendo wa juu unatumia jeti kubwa. Ndiyo maana uchafu ukiziba jeti kubwa silensa inabaki nzuri na dereva anachanganyikiwa. Jeti isafishwe kwa hewa na dawa ya kabureta, isichokonolewe kwa waya wa chuma, kwa maana tundu lake limetobolewa kwa kipimo na likipanuka halirudi.

Kama kabureta yake ni ile yenye dayafremu ya mpira juu, aifungue na kuitazama kwenye mwanga. Ikipasuka hata kidogo, kile kipande kinachotakiwa kupanda ili kupitisha hewa zaidi hakipandi, na hicho kinaelezea vizuri kabisa neno lako "ghafla". Aangalie pia kama waya wa choki umerudi wote, kama kipande cha kitambaa hakikuachwa kwenye njia ya hewa baada ya usafi, na kama chujio la hewa si tope tupu. Eksozi isisahaulike. Pikipiki iliyokaa bila kutumika, nyigu hujenga kiota cha udongo ndani ya bomba. Na hata inayotumika kila siku inaweza kuvunjikiwa na sahani ya ndani ikaziba njia ya moshi. Akiweka kiganja nyuma ya bomba bila kuligusa, injini ikiwa kwenye silensa, atasikia kama moshi unatoka kwa msukumo au unapumua kwa shida.

Bwana Shamba (Handeni)

Wakuu, nimerudi na majibu.

Nilijaza tangi na kufuata utaratibu wa fundi hatua kwa hatua. Baada ya kupita Msata nguvu zikaanza kupungua kama kawaida. Nilivuta choki kidogo, pikipiki ikapata nguvu kwa muda mfupi sana, kisha ikafa. Nilipofungua kifuniko nilisikia hewa ikivutwa kwa nguvu. Niliwasha ikawaka papo hapo, na nikatembea vizuri kwa umbali mrefu kabla ya hali kurudi. Kuhusu maswali yako mawili: ni kweli tatizo hutokea zaidi tangi likiwa limejaa, na ni kweli nikiwa vijijini hununua lita moja moja.

Nyumbani nilikitazama kifuniko kwa makini. Mpira wake wa asili haupo. Aliyekuwa akiimiliki pikipiki kabla yangu, au fundi wake, alikata kipande cha tyubu ya baiskeli na kukibandika chini ya kifuniko, nacho kimefunika tundu la hewa lote. Kisha nilichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta na kuuelekeza kwenye chupa, kifuniko kikiwa kimefungwa: mafuta yalitiririka vizuri, yakapungua, yakawa matone, na nilipolegeza kifuniko yakatiririka tena. Kichujio cha koki nilikikuta na kutu kidogo, nikakisafisha.

Nimenunua kifuniko kipya, na safari ya juzi mpaka Chalinze haikuzima kabisa. Mgandamizo niliupimisha kwa fundi mwingine mwenye geji, injini ikiwa ya moto na mkono wa mafuta ukiwa wazi wote, ikasoma psi 150. Naomba kujua kama kipimo hicho kinatosha. Jambo jingine ni kwamba bado sijaridhika: injini ikipata moto silensa inapanda na kushuka yenyewe, na plagi nikiifungua ni nyeupe.

Fundi wa Korogwe

Nimefurahi sana, na hasa kwa kile kipimo cha chupa, kwa kuwa kimeonyesha kosa bila kuacha nafasi ya ubishi.

Psi 150 ni afya njema. Injini nyingi za ukubwa huo husoma kati ya psi 120 na 175, na zile zenye kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha husoma chini ya hapo bila kuwa na ugonjwa. Ingesoma chini sana, ungeweka kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena: kipimo kikipanda, ringi zinavuja, kikibaki pale pale, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi. Pistoni yako iache ilipo.

Plagi nyeupe na silensa inayopanda na kushuka ni dalili ya hewa nyingi kuliko mafuta. Kwa kuwa tangi sasa linapumua na koki umeisafisha, nashuku hewa inayoingia mahali pasipotakiwa, na mahali pa kwanza ni ule mpira unaounganisha kabureta na injini. Mpira huo hukauka kwa joto na kupasuka upande wa chini, ambako macho hayafiki bila kufungua. Washa injini iwe kwenye silensa, kisha umwagie mpira huo maji ya sabuni kidogo kidogo kuzunguka viungo vyake. Maji yakivutwa ndani au mlio wa injini ukibadilika, umepata ufa. Mafundi wengine hutumia petroli au dawa ya kupuliza kwa kipimo hiki. Inafanya kazi, lakini iko juu ya injini ya moto na karibu na waya wa plagi, nami siiruhusu kwenye karakana yangu.

Usiendelee na safari ndefu kabla hujalimaliza hili. Mchanganyiko wenye mafuta machache huungua kwa joto kali zaidi, na injini inayopozwa kwa hewa haina maji ya kuiokoa. Valvu ya eksozi na kichwa cha pistoni ndivyo vinavyoumia kwanza.

Bwana Shamba (Handeni)

Nimeupata. Upande wa chini wa mpira kulikuwa na ufa mrefu uliofunguka nilipoukunja kwa mkono, na maji ya sabuni yalivutwa waziwazi. Nimeweka mpira mpya na kukaza klampu zake. Silensa imetulia hata injini ikiwa ya moto, na plagi imeanza kuwa na rangi ya kahawia hafifu. Nashukuru sana, fundi, na ndugu wa Nyakato pia. Aliyeniuzia kifuniko aliniambia kwamba watu wengi hubandika tyubu hiyo ili mafuta yasiruke, kwa hiyo nawaomba wenye pikipiki zilizotumika wafungue kifuniko na kutazama.

Mbeba Mizigo (Arusha)

Nimesoma uzi wote kwa makini. Ya kwangu haina kabureta, inapuliza mafuta kwa umeme, nayo inakosa nguvu ghafla nikiwa na mzigo. Nafanyaje wakati haina koki wala bakuli la kufungua?

Fundi wa Korogwe

Kifuniko bado kina tundu la hewa, kwa hiyo anza hapo hapo, ingawa pampu yako ina nguvu ya kuvuta na dalili zitachelewa. Baada ya hapo angalia taa ya injini kwenye dashibodi: ukifungua swichi, taa inapaswa kuwaka na kuzimika ndani ya muda mfupi au injini inapowaka, na ikibaki inamulika kwa kuhesabika, hesabu mamuliko marefu na mafupi uyalinganishe na kitabu cha pikipiki yako, kwa sababu kila mtengenezaji ana hesabu yake. Sikiliza pia pampu ndani ya tangi unapofungua swichi, kabla ya kuwasha. Inapaswa kutoa mvumo wa sekunde chache. Mvumo ukikosekana, pima umeme wa betri na fyuzi kabla ya kuilaumu pampu, kwani betri dhaifu hupunguza msukumo wa mafuta hasa taa kubwa ikiwa imewashwa. Mvumo ukiwapo na nguvu bado zinapotea ukiwa na mzigo, kinachofuata ni kupima kanieneo ya mafuta kwa geji maalumu na kutazama kichujio cha pampu, na kwa hilo tafuta fundi mwenye geji hiyo. Tuandikie taa inamulika vipi, na kama tatizo huja injini ikiwa baridi au ikiwa ya moto.